Naacha safari za Kongo, nimeitwa kwenye gari la saruji hapa Dar. Niende au nibaki?

KichwaNaTela:

Wakuu habari za humu. Wakubwa shikamooni. Naomba ushauri kwa wanaoijua barabara, pole sihitaji.

Naendesha semi Dar–Lubumbashi, mara mojamoja wananisukuma mpaka Kolwezi. Kwenda kontena, kurudi shaba. Mshahara laki nne na nusu, ila posho ya safari inatoka kabla sijawasha gari, na hiyo ndiyo inayonifanya nionekane mtu mtaani. Familia iko Kitunda. Mtoto wa pili ameanza kutembea nikiwa nimesimama Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, video nimeonea kwenye simu.

Sasa kuna tajiri ana magari ya kusambaza saruji. Anapakia kiwandani Wazo, anapeleka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Chanika, Mbagala, Kibaha, hadi Bagamoyo. Ananipa laki saba kwa mwezi, kila siku nalala kwangu. Posho hakuna. Leseni ya E ninayo, kazi naiweza, wasiwasi wangu ni hesabu. Waliotoka safari ndefu wakaja mjini, mlionaje?

FusoTupu:

Laki saba bila posho, Dar hii? Baki Kongo mkuu. Hapa mjini utalala nyumbani na madeni yako.

Mzee wa Uyole:

Marahaba kijana.

Barabara hiyo nimeipiga tangu zamani, kabla kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, mpakani mwa Zambia, hakijafunguliwa 2019. Nimebeba mafuta, mbolea, kontena, shaba. Siku hizi nahamisha kontena kutoka bandarini kwenda kwenye yadi za Kurasini na Chang'ombe, na kabla ya hapo nilishika tipa ya kokoto za Lugoba. Kwa hiyo nimekula pande zote mbili.

Watakwambia mjini kuna kupumzika. Uongo. Huyo FusoTupu anakwambia mjini hakuna hela, na yeye amesema nusu. Mimi nina swali moja ambalo hukuliandika: gari likisimama, nani analipa?

Angalia kazi unayoifanya sasa. Dar mpaka Tunduma ni kilomita mia tisa na kitu. Gari likiwa zima, mwendo wenyewe haumshindi dereva. Kinachokumaliza ni kusimama. Mizani Vigwaza, mizani Mikese, Wenda, Makambako, Uyole, halafu Mpemba ndiyo unakutana na mkia wa foleni. Saa tisa usiku foleni inavuta mita ishirini. Ukiwa umelala, wa nyuma anachomeka na hakuna wa kumshitakia. Kwa hiyo hulali, unasinzia umekaa, funguo iko kwenye swichi. Tingo umemweka nje anatembea upande wa tangi, kifuniko kimepigwa kufuli na waya juu yake, na bado kuna vijana wanaojua kunyonya dizeli kwa chini. Asubuhi unalipia maji ya kuoga, unalipia choo, unanunua wali maharage ya kwenye ndoo kwa bei ya mpakani. Ukivuka unakuta Nakonde yao, kisha Kasumbalesa yake.

Hizo siku zote umelipwa? Umelipwa posho ileile. Ukimaliza safari haraka imebaki, ukikaa mpakani imeisha, na kila siku ya ziada unakula mfukoni mwa watoto. Kumbuka Mei 2020, Zambia ilipofunga Nakonde kwa ajili ya korona. Kumbuka Agosti 2024, Zambia hiyohiyo ilipofunga mpaka wake na Kongo. Muulize dereva yeyote aliyekuwa barabarani kama tajiri alimtumia ya siku hizo. Wengine walitumiwa, wengine waliambiwa wavumilie.

Kwa hiyo hesabu yako ifanye hivi. Chukua posho ya safari nzima, toa chakula, maji, choo, ulinzi, na yale ya barabarani ambayo hayana risiti. Kinachobaki gawanya kwa siku kuanzia geti la Dar mpaka geti la Dar, na siku za kungoja mzigo Lubumbashi zihesabu. Chukua safari mbaya uiweke pamoja na nzuri, usichague ile moja iliyokunyookea. Jibu lizidishe kwa siku za mwezi, jumlisha mshahara wako, ndiyo ulinganishe na laki saba.

Na hiyo laki saba muulize ni ya kwenye karatasi au ya mkononi. Kama ni ya karatasi, ukikatwa asilimia 10 ya NSSF na kodi ya mshahara, inakuja chini ya laki sita. Lakini hapo kuna jambo madereva wengi hawalitazami. Posho ya safari kwa kawaida haichangiwi NSSF. Sasa hivi unachangiwa kwa laki nne na nusu, ambayo jumla yake, ya kwako na ya tajiri, ni elfu 90 kwa mwezi. Kwa laki saba ni laki na elfu 40. Ukifika umri wangu mgongo ukikataa, hiyo tofauti utaiona.

Sasa mjini. Tipa ya Lugoba nililetewa kwa maneno matamu, kazi ya kulala nyumbani. Tajiri alitaka hesabu yake, kiasi kilekile cha hela, kila jioni. Ukifika machimboni ukakuta mashine ya kupakia imeharibika, hesabu haijui. Ukipigwa cheti cha trafiki cha elfu 30 pale Kibaha kwa tairi ambalo tajiri mwenyewe umemwambia limeisha, hesabu haijui. Kule kusimama kulikuwa kunanila mimi nusu, huku kulinila mzima. Kontena ninazohamisha sasa ni nafuu kwa sababu tuliandikiana: gari likikaa bandarini kupita muda fulani, inahesabiwa. Hela ndogo, lakini inafanya hata ofisi iwahishe karatasi, maana kuchelewa kunawagusa na wao.

Saruji naijua kupitia mdogo wangu. Gari la tani 30 ni mifuko 600. Umefika Chanika saa nane mchana, mwenye duka ameenda msibani na funguo za stoo ameondoka nazo. Akirudi, vibarua wanataka walipwe kwa mfuko, yeye anasema analipa tajiri wako, tajiri wako anasema analipa yeye, wote wawili wanakuangalia wewe. Mifuko mitatu imepasuka wakati wa kushusha, nani anaandikwa? Mvua ya Aprili imeingia kwenye tundu la turubai, mifuko ya juu imeanza kushika, unairudisha Wazo au umeinunua? Hayo ndiyo yanayokula laki saba. Foleni ya Buguruni ni ya kawaida tu, utaizoea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni saa za ziada, kwa kiwango cha mara moja na nusu. Likizo siku 28 kwa mwaka. Najua utacheka, na mimi nilicheka. Ila tajiri anayekuhitaji leo atasaini mambo ambayo ukishaanza kazi hatayasaini hata umlilie. Hujashika funguo bado, kwa hiyo nguvu iko kwako wiki hii tu.

Mwisho usijidanganye kwamba barabara hutaikumbuka. Mimi nakumbuka mteremko wa Kitonga, kurudi na shaba. Vifurushi vichache vimelala sakafuni mwa tela, mtu wa pembeni anadhani unarudi mtupu, kumbe zimo tani thelathini zinakusukuma mgongoni. Unaanza kushuka juu kabisa na gia ndogo, breki ya injini inanguruma, mguu unaugusa kidogo unauachia, na pembeni kuna kijana mwenye gari jipya anakupita kwa fujo. Huyo utamkuta chini moshi unatoka kwenye magurudumu. Au pale mteremko wa Iwambi kuingia Mbalizi, ambapo wengi hawakuwa na bahati ya kukutwa na moshi tu. Ufundi huo mjini hauna soko. Mjini wanakulipa kwa uvumilivu na mdomo.

Mama Nasra:

Nawasalimu wote. Mimi si dereva, mume wangu ndiye. Alikuwa njia ya Rusumo kwenda Kigali, sasa yuko mjini na gari la vinywaji.

Mzee amesema vizuri ila amesahau nyumbani. Posho ilikuwa inakuja kwa mkupuo. Tulijenga kwa mkupuo: safari hii bati, safari ile madirisha. Mshahara wa mwezi haujengi jamani, unakula tu, unapukutika kidogokidogo na huoni ulipoenda. Sisi alipoacha, nyumba ilikuwa haina dari na mpaka leo haina. Mdogo wangu, kama una ujenzi uko katikati, malizia kipande kinachokuzuia kuhamia kwanza, ndiyo uache.

Halafu jiandae kugombana. Mtu aliyekuwa anaendesha nyumba kwa simu akianza kurudi kila jioni anakuwa mkaguzi. Sukari imeisha lini? Huyu mtoto mbona hajalala? Hii sufuria imetoka wapi? Miezi ya mwanzo nilikuwa natamani nimwambie Rusumo wanamwita. Usiku anaamka, anafungua dirisha, anachungulia nje. Nikimuuliza anasema anaangalia gari, na gari limelala kwa bosi Tabata. Iliisha yenyewe. Sasa anampeleka Nasra shule na mimi nimepata nafasi ya kufungua genge. Mwambie mkeo ukweli wa hela kabla hujakubali, asije akapanga kwa posho ambayo haipo.

Shemeji wa Changamwe:

Wadau wa Bongo, salamu kutoka Mombasa. Nilikuwa nafanya Malaba hadi Kampala, siku hizi niko hapahapa, natoa kontena bandarini naleta kwa yadi.

Mimi sikuchagua, reli ndiyo ilinichagulia. Treni ya SGR ilipoanza kubeba mizigo mwanzoni mwa 2018, safari zikaanza kupungua pole pole. 2019 ikaja amri ati kontena zote za kwenda Nairobi na nchi jirani zipande treni, watu wakaingia barabarani hapa Mombasa kuandamana mpaka serikali ikalegeza. Lakini mdosi mwenye malori kumi alikuwa ashauza manne. Mariakani, ambapo turnboi zamani hangepata pa kukaa hotelini, ukienda wakati ule ungedhani ni Jumapili kila siku.

Nasikia nanyi mna SGR yenu na bandari kavu ya Kwala. Kongo ni mbali, treni yenu haijafika huko, kwa hiyo safari yako haiishi kesho. Lakini dereva anayetafuta kazi ya mjini wakati kila mtu anaitafuta huambiwa bei, haulizwi. Wewe umeitwa. Hiyo ni tofauti kubwa, kaka.

FusoTupu:

Mzee wa Uyole umeniua na hiyo ya msibani. Ilinitokea Mbagala, nikalala na mzigo mpaka kesho yake. Bado nasema laki saba ndogo.

Mzee wa Uyole:

Ndogo kweli. Aombe nane.

KichwaNaTela:

Wakuu asanteni sana. Mama Nasra, dari na mimi sina, nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Hesabu ya Mzee nimeifanya. Safari iliyopita, kwa hesabu ya mwezi, imezidi laki saba kidogo. Ile ya kabla yake, tuliyokaa Kasumbalesa mpaka nikaazima hela kwa dereva wa Tanga, iko chini sana. Mke nimemwonyesha zote mbili.

Nimeenda kwa tajiri. Nane amekataa. Amekubali laki saba na nusu ya kwenye karatasi, mkataba wa maandishi, na tripu ya tatu ya siku inalipwa pembeni. Vibarua wa kushusha analipa mwenye duka, ameniandikia. Kusimama ameniambia "tutaelewana". Mifuko iliyopasuka hataki hata kuisikia, anasema dereva ndiye mwenye mzigo.

Mzee wa Uyole:

"Tutaelewana" haisainiwi. Mwambie aandike kwamba ukilikuta duka limefungwa, unampigia simu na yeye ndiye anayeamua usubiri au urudi. Hapo hata kama hakulipi, uamuzi ni wake, na saa zinazozidi zina pa kuandikwa.

Mifuko nayo msikilize kwa makini, maana kuna mambo mawili. Iliyopasuka kwa kuendesha vibaya au kwa kufunga turubai ovyo, kubali, hiyo ni kazi yako. Iliyopasuka mikononi mwa vibarua wa duka si yako. Kwa hiyo ukifika, panda juu na mwenye duka kabla mfuko wa kwanza haujashuka. Hesabuni mistari, tazameni turubai, piga picha, asaini kwamba amepokea juu ya gari. Akikataa kupanda, usifungue kamba. Mdogo wangu alianza hivyo, wenye maduka wakamwita mkorofi, sasa hivi wakimwona tu wanatafuta ngazi wenyewe.

Mama Nasra:

Na kukatwa je? Kuna wanaokata NSSF na hawapeleki.

Mzee wa Uyole:

Ndiyo. Ukishalipwa mwezi wa kwanza, angalia michango yako mwenyewe, usisubiri karatasi ya ofisi. Mwezi wa pili ikiwa haijaingia, muulize ukiwa bado na sauti ya ugeni.

KichwaNaTela:

Sawa Mzee. Wiki hii napeleka kichwa gereji kwa bosi wa sasa, namkabidhi na turubai zake, nampa notisi. Akinipandishia posho nitarudi hapa kuwasumbua tena.