Uwanja wa shule ni mteremko na mawe, wavulana wamechukua wote. Tuanzie wapi?

BabaDoto
Wakuu, mwangaluka. Mwezi wa pili nilichaguliwa kuingia kamati ya shule anakosoma mwanangu, shule ya msingi ya serikali huku milimani Nyamagana. Nilidhani kazi ni kusaini karatasi na kunywa soda. Kikao cha kwanza tu nikabebeshwa uwanja wa michezo.

Anayeijua Mwanza anajua "uwanja" wa huku juu ukoje. Ni kipande kilichobanwa kati ya madarasa na mawe, kinashuka kuelekea barabarani, na kila masika maji yanachimba mfereji katikati kabisa. Watoto ni zaidi ya 1,200. Kengele ya saa nne ikilia, wavulana wa la sita na la saba wanatwaa eneo lote kwa chandimu. Wasichana wanacheza rede kwenye kichochoro nyuma ya vyoo. Wale wa awali wanakaa kwenye ngazi na vikombe vya uji, wanatazama.

Halafu kuna jiwe. Liko nyuma ya darasa la tano, mgongo wake laini, kimo kama mtu na nusu. Watoto wanalipanda na kuteleza nalo kwa vipande vya dumu. Doto wangu ameshachana kaptula mbili na kung'oka jino (la utoto, ila mama yake hakutaka kusikia hilo).

Mwenyekiti anataka waitwe wapasua kokoto walimalize jiwe, kisha tununue bembea na kile cha kuteleza cha chuma. Fundi ametupa bei ya 1,850,000. Hela haipo. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na humo humo kuna vitabu. Nikataja mchango kwenye mkutano wa wazazi, baba mmoja akasimama kutukumbusha jinsi Magufuli alivyopiga marufuku michango mashuleni Januari 2018. Akapigiwa makofi. Nikakaa.

Aliyewahi kufanya kazi hii kwa mikono ya wazazi na watoto wenyewe aniambie alianzaje. Msiniambie niandike andiko kwa wafadhili, tumeshaandika matatu.

Mwl_Mstaafu_Nansio
Baba Doto, salaam. Nimefundisha miaka 34, mingi yake huku Ukerewe. Bei ya fundi iweke mfukoni kwanza. Beba kiti, nenda ukakae uwanjani saa nne, siku tano mfululizo. Usiseme kitu. Chora ramani ya nani anacheza wapi. Siku ya kwanza watakuzunguka, ya tatu watakusahau, na hapo ndipo utaanza kuona.

Kisha omba mwalimu wa darasa la tatu au la nne awape karatasi, kila mtoto achore mahali anapopapenda na mahali anapopaogopa. Mimi nilipofanya hivyo, nilijiandaa kuona bembea. Bembea zilikuwa mbili tu. Wasichana walichora ardhi tupu, nikadhani hawajamaliza. Nikamwita mmoja nikamuuliza mbona hukuchora kitu. Akaniambia, "Mwalimu, hapo hakuna kokoto." Alichotaka ni ardhi isiyomchoma miguu. Iligharimu jembe na reki. Na mahali pa kuogopwa, watoto tisa walichora ofisi ya walimu. Nilizificha hizo, mwalimu mkuu hakuziona mpaka anahama.

Kuhusu mfereji: vuka uende kisiwa cha Ukara ukaone. Wakara wanalima kwenye vilima vya mawe tangu enzi na udongo wao hauendi ziwani, kwa sababu wanapanga mawe kuwa kuta fupi kukatiza mteremko. Hawatumii saruji. Ninyi mawe mnayo mpaka mnataka kuyapasua! Kuta mbili au tatu za kufika gotini, udongo unaoshuka utajikusanya nyuma yake, na mtapata sehemu tambarare bila kununua kifusi.

Fundi_Kirumba
Mimi nachomelea vyuma, kwa hiyo ningepaswa kukwambia nunua. Ila kaka, bembea mbili kwa watoto 1,200 ni kununua ugomvi. Na 1,850,000 kwa kazi hiyo, muulize huyo fundi anatumia bomba la unene gani. Nimeitwa mara nyingi kutengeneza bembea zilizong'oka kwa sababu nguzo ilizikwa futi moja kwenye mchanga. Isipofika futi mbili na zege, ni mtego.

Chukueni matairi chakavu. Mafundi wa magari wanakupa bure, wanafurahi ukiyaondoa. Yazikeni nusu, yakiwa yamesimama, watoto waruke na kutambaa. Yatakayolala chini yatobolewe, maji yakituama humo mmefuga mbu. Tairi lenye nyaya zilizochomoza liacheni, zinakata kama wembe.

Jiwe msilipasue!! Hicho ndicho cha kuteleza chenu, Mungu alishachomelea. Weka mchanga mwingi pale wanapotua, ondoa mawe madogo yenye ncha, chora rangi upande wa kupandia na upande wa kushukia ili wasigongane. Mchanga nunueni tripu moja. Msichimbe ufukweni, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ufukwe ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na msiwatume watoto wakachote, wataingia majini warudi na kichocho.

Jembe_Butu
Shule haina madawati mnajadili kuteleza. Nchi hii bwana.

BabaDoto
@Jembe_Butu madawati yapo, wanakaa wanne wanne. Ndiyo maana wakitoka nje nataka wanyooshe miguu.

MamaNeema_Igombe
Shemeji Baba Doto, kosa lako ulitaja hela. Ungetaja vitu. Shuleni kwetu huku mwaloni tulisema hivi: kila mwenye kitu kilichochoka nyumbani akilete Jumamosi, asiye nacho alete mikono, asiye na mikono asije wala asiulizwe. Hakuna daftari la majina na hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani. Vitu ndivyo tuliviandika ubaoni, si watu. Wavuvi walileta nyavu chakavu za sangara tukafunga magoli, na kamba za mitumbwi zikawa za kuruka na kuvutana. (Nyavu halali jamani, kuna mjanja alikuja na kokoro, tukamwambia arudi nalo kabla hatujakamatwa wote.)

Lakini nikuonye. Mkishapata sehemu tambarare, wavulana wataihamia. Sisi ilichukua siku mbili. Tukaenda kwa mwalimu wa michezo, tukakubaliana Jumanne na Alhamisi uwanja mkubwa ni wa wasichana, na dada wa la saba ndiye anashika filimbi. Baba, akina mama wako wangapi kwenye hiyo kamati yenu?

BabaDoto
Wabeja sana wote. Narudi baada ya wiki saba kama deni.

Mama Neema, kwenye kamati mama alikuwa mmoja. Nyamaza tu.

Nilikaa na kiti changu siku nne, ya tano mvua. La nne walichora, karatasi 58. Arobaini na moja zina jiwe. Niliziweka mezani mbele ya mwenyekiti, akazipitia moja moja, akasema kumbe na yeye aliteleza jiwe hilo hilo alipokuwa akisoma hapo. Wapasua kokoto hawakuitwa.

Jumamosi ya kwanza walikuja wazazi 26, akina baba saba. Yule aliyenikumbusha Januari 2018 alikuja na toroli lake, hakusema neno, alisomba mawe mpaka saa nane. Watoto walipanga mnyororo, jiwe mkono kwa mkono. Tulimaliza kuta mbili. Jumatano ikapiga mvua, wa chini ukalala wote. Mwalimu, hatukuchimba msingi, tuliweka mawe juu ya udongo laini tukajipongeza. La sita wameujenga upya na mwalimu wao wa sayansi, na huo wao umesimama kuliko wetu wa juu, ambao nao una tumbo.

Rede imetoka nyuma ya vyoo. Wavulana waliihamia sehemu tambarare siku ya kwanza, si ya pili. Zamu imepangwa, bado inavunjwa.

Doto amechana kaptula ya tatu. Mchanga upo, jino halijaguswa.

Mama Neema, zile nyavu, mwaloni kwenu bado zinapatikana? Na Jumamosi naweza kuja na bajaji, au ni mzigo wa kirikuu?