Saa mbili za Westlife redioni, na hakuna wimbo hata mmoja ulioachwa ufike mwisho

Wanajukwaa, salaam.

Jumapili iliyopita nilikaa karibu na redio kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, kwa sababu kituo ambacho nimekisikiliza kwa miaka mingi kilikuwa kimetangaza wiki nzima kwamba kingepiga nyimbo zote zilizovuma za Westlife, kundi la waimbaji wa kiume. Niliinuka pale nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijatulia.

Hakuna wimbo hata mmoja uliopigwa hadi mwisho. Mtangazaji aliruhusu beti mbili na kiitikio, kisha akaanza kuzungumza juu ya sauti za waimbaji, akasoma salamu, akaingiza tangazo la sabuni na kurukia wimbo mwingine. Kwa bendi nyingine pengine ningevumilia, lakini kwa Westlife kufanya hivyo ni kuua wimbo wenyewe, kwa kuwa nyimbo zao zimejengwa zikielekea mwishoni. Chukueni My Love ya mwaka 2000: beti zinaanza taratibu, kama mtu anayejisemea peke yake chumbani, kiitikio kinapita na kurudi, halafu baada ya sehemu ya kati ufunguo, yaani kimo cha sauti cha wimbo mzima, unapandishwa na kiitikio kilekile kinakuja kikiwa juu zaidi, sauti zote zikiwa zimefunguka. Yeyote aliyewahi kuimba kwaya anaelewa kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa yakiandaa hapo. Jukwaani vijana hao walizoea kuimba wakiwa wamekaa kwenye viti virefu, na ufunguo ulipopanda walisimama kwa pamoja. Mashabiki walikuwa wakikisubiri kitendo hicho tangu neno la kwanza. You Raise Me Up nayo ilikatwa kabla kwaya haijapata nafasi yake. Sasa tulisikiliza nini?

Nilipokuwa sekondari, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulikuwa tukirekodi nyimbo hizi kutoka redioni kwenye kanda, kisha tunakaa bwenini na madaftari tukiandika maneno, tukirudisha kanda nyuma mara kumi kwa ajili ya mstari mmoja. Watangazaji wa wakati ule walijua kwamba tunarekodi, na wengi wao walinyamaza mpaka sauti ya mwisho ipotee kabisa ndipo wakataja jina la wimbo. Huo ulikuwa uungwana, na haukuhitaji mtambo wowote wa kisasa.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba muda ulioporwa kwenye nyimbo ulijazwa maelezo yasiyo ya kweli. Tuliambiwa kuwa Westlife ni Waingereza. Ni Waairishi: Shane Filan, Kian Egan na Mark Feehily wanatoka Sligo, na Nicky Byrne na Brian McFadden wanatoka Dublin. Tukaambiwa tumsikilize Brian kwenye You Raise Me Up, ilhali Brian aliondoka kundini mwaka 2004 na Westlife waliutoa wimbo huo mwaka 2005. Baya kuliko yote, mtangazaji alitamka kwa kujiamini kwamba nyimbo zote hizo walizitunga wenyewe. You Raise Me Up ni kazi ya Rolf Løvland wa Norway na Brendan Graham wa Ireland, na ilikuwa imeshaimbwa na wengine kabla yao. Uptown Girl ni ya Billy Joel, ya mwaka 1983. Westlife waliirudia mwaka 2001 kuchangia shirika la hisani la Comic Relief. Seasons in the Sun ina safari ndefu zaidi, kwa sababu ilianza kwa Kifaransa mwaka 1961 kwa Jacques Brel wa Ubelgiji, ikavuma kwa Kiingereza kupitia Terry Jacks mwaka 1974, ndipo ikawafikia vijana hawa mwaka 1999. Flying Without Wings, ambayo huku kwetu watu wameingia nayo ukumbini siku ya harusi, iliandikwa na Steve Mac na Wayne Hector. Kusema hivyo hakuwapunguzii Westlife chochote, kwani singo zao saba za kwanza zilishika namba moja Uingereza mfululizo, na jumla ya zilizoshika namba moja ikafika 14. Ila waliozitunga wana haki ya kutajwa.

Nilituma ujumbe mfupi kwa namba ya kipindi, ambao hukatwa fedha nyingi kuliko ujumbe wa kawaida, nikaomba kwa heshima kwamba angalau wimbo mmoja uachwe uishe. Ujumbe ulisomwa hewani, mtangazaji akacheka, akasema siku hizi hakuna mwenye subira ya kusikiliza wimbo mzima, kisha akakata Fool Again katikati ya kiitikio. Mimi ninayo subira hiyo, na nililipia ujumbe ule kuisema.

Wametangaza kwamba watarudia kipindi hicho Jumapili ijayo. Ninawaomba wote mnaozipenda nyimbo hizi tupige simu tangu saa nane kamili, tudai You Raise Me Up peke yake, dakika zake nne zote, bila salamu na bila tangazo juu yake. Wakikata tena, tupige tena.