Tupeane uzoefu: ovaloki ya nyumbani, nyuzi 3 au 4?

Wadau wa cherehani, habari zenu. Zigizaga haizuii kitenge kuchanuka pembeni, baada ya kufua mara tatu nyuzi zinaning'inia. Anayetaka ovaloki (mashine inayokata ukingo wa kitambaa na kuufunga kwa nyuzi) ya kuweka mezani aangalie nini kabla ya kutoa hela? Na ipi shida yake kubwa?

Kiboko ya Likra: Chukua ya nyuzi 4. Ina sindano mbili, ukichomoa moja inakuwa ya nyuzi 3. Ya nyuzi 3 ndiyo basi, huiongezi. Tisheti na likra zinataka 4.

Mama Vitenge: Kwa kitenge na tetroni nyuzi 3 zinatosha kabisa jamani. Unapiga kwanza mshono wa kawaida, ovaloki inafunga ukingo tu. Mita moja ya mshono wa nyuzi 3 inameza kama mita 14 za uzi, wa nyuzi 4 karibu 20. Huo ni uzi unaopotea bure.

Kiboko ya Likra: Mama, kushona mara mbili nako si kula uzi na muda? Likra ukiipiga mshono wa kawaida ulionyooka, uzi unakatika mtu akikaa.

Mama Vitenge: Mwenzetu kauliza kitenge, hakuuliza likra.

Bisibisi: Mnabishana nyuzi, mashine yenyewe inaweza isimalize dakika mbili. SOMENI KIBATI CHA NYUMA. Used za Japani ni volti 100. Brother 1034D inayouzwa Marekani, ile ndugu wanayotuma kwenye boksi, ni volti 120. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja inakimbia kama imepandwa na jini, harufu ya waya kuungua inatoka, mota imekwisha. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti! Nunua transfoma yenye wati angalau mara mbili ya zilizoandikwa kwenye kibati, na pedali nayo ichomekwe humo humo.

Mgeni wa Uzi: Kwa hiyo ya Marekani nisichukue?

Bisibisi: Chukua, ila hesabu na bei ya transfoma.

Sindano 14: Kinachowatoa watu machozi ni uzi wa lupa ya chini kukatika (lupa ni zile ndoano mbili, ya juu na ya chini, zinazofuma uzi ukingoni). Mtu anarudishia huo mmoja, anashona sentimita tano, unakatika tena, anasema mashine mbovu. Sababu: uzi wa sindano umeshalala juu ya lupa, ule mpya unapita upande usio wake. Chomoa kwanza nyuzi za sindano kwenye matundu. Inua mguu ili vibao vya mkazo, vile vinavyobana uzi, vifunguke. Pitisha lupa ya juu, kisha ya chini, sindano mwisho. Zungusha gurudumu kwa mkono mara tatu ndipo ukanyage.

Mama Vitenge: Hapo kweli. Sindano mwisho, siku zote.

Kiboko ya Likra: Kubadilisha rangi fundo linatosha. Kata uzi karibu na koni, funga mpya, mkazo weka 0, vuta taratibu. Fundo la sindano likate kabla ya tundu, halipiti.

Mgeni wa Uzi: Pindo la tisheti linajikunja kama mawimbi, nikaze uzi?

Sindano 14: Usiguse mkazo. Ni kirungu cha kulisha kitambaa: 1 ni kawaida, jezi peleka 1.5 hadi 2. Chifoni ikijikusanya shusha hadi 0.7. Mkazo unausoma kwenye ukingo: uzi wa lupa ya juu ukigeukia chini, huo umelegea, wa chini ukipanda juu, kaza wa chini. Weka rangi nne tofauti kwenye kipande cha majaribio, utaona nani mkosaji.

Bisibisi: Na pini toeni kabla hazijafika kwenye kisu. Pini moja inatia pengo, kuanzia hapo kitambaa kinatafunwa badala ya kukatwa.

Mama Vitenge: Ukimaliza mshono acha mkia wa sentimita 8, urudishe ndani ya mshono kwa sindano nene ya mkono. Ovaloki hairudi nyuma, ukiukata hapo hapo unafumuka.