Wakuu, eskepu rumu za Budapest nazipimaje? Nikirudi Mwanza nataka nitengeneze ya kwetu

NyegeziKwetu
Habari zenu wadau. Mwezi ujao naenda Budapest, Hungaria, kozi ya wiki sita ya ufugaji samaki, na wikiendi zote niko huru. Sasa huko ndo vimejaa vile vyumba mnafungiwa watu wanne watano, mnapewa dakika 60, mnapekua droo na kufumbua mafumbo mpaka mlango ufunguke. Mimi nimecheza mara moja tu nikiwa safarini, na toka siku hiyo kichwani sina kingine, yaani saa nzima hakuna aliyegusa simu, tulikuwa tunaongea tu, tunabishana, tunacheka, watu wazima kabisa.

Nimetenga hela ya vyumba vinne. Tatizo ni kuchagua, maana ukisoma maoni kila chumba kina nyota tano, kila mtu anasema kizuri sana, sasa kizuri kwa lipi? Nahitaji kipimo, kwa sababu sitaki niende nifurahi nirudi basi, nataka nijifunze. Vijana wetu hapa Jumapili ni Malaika bichi, mpira au kulala, na ninaamini kabisa kitu hiki Mwanza kinawezekana. Aliyewahi kucheza vingi naomba anisaidie.

DadaWaKirumba
Kaka umenigusa hapo. Nimeishi Budapest miaka mitatu na nimecheza vyumba 11, kila kimoja nilikuwa nakiandika kwenye daftari na alama zake kati ya 10.

Kwanza ujue unakoenda. Mchezo huu ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, kuna bwana anaitwa Takao Kato na kampuni yake SCRAP ndo walianza, wakichukua wazo la gemu za kompyuta zile za kubofya vitu mpaka utoke chumbani. Budapest ikaja 2011, Attila Gyurkovics akafungua ParaPark, na kuanzia hapo ikawa kama uyoga baada ya mvua, kwa sababu ule mji una majengo ya zamani yenye vyumba vya chini ya ardhi vilivyokuwa vimekaa bure. Kwa hiyo utashuka ngazi sana, na utasikia harufu ya unyevu. Mi hiyo harufu naipenda mpaka leo.

Sasa kipimo. Swali langu la kwanza ni moja tu, je, fumbo limezaliwa humo chumbani au limeletwa kutoka nje likabandikwa? Nikupe mfano wa vyumba viwili.

Kimoja kilikuwa cha hazina ya farao. Mchanga, sanamu, mwanga wa njano, ukiingia unasema wow. Afu unakuta makufuli 14 ya namba, yale ya kwenye mabegi, na karatasi za hesabu zimepigwa laminesheni. Farao na laminesheni wapi na wapi? Ni mtihani wa darasa la saba umevalishwa kanzu. Kufuli moja likakwama, namba sahihi halifunguki, dakika tisa zikaishia hapo, na msimamizi ambaye kazi yake ni kutuangalia kwenye kamera hakusema kitu. Tulitoka na dakika mbili mkononi, wenzangu wakashangilia, mi nikakipa 4.

Kingine kilikuwa karakana ya fundi saa. Chumba kidogo, meza moja, saa saba ukutani zote zimesimama, na kitabu cha risiti kimeandikwa kwa mkono, nani kaleta saa gani na ilisimama saa ngapi. Tukaanza kupanga mishale ya zile saa kwa kufuata risiti, ya sita ikakubali, ya saba hatuna risiti yake. Tukahangaika weee. Kulikuwa na kijana mmoja wa Mongolia tulikuwa naye, mkimya, nusu saa nzima hajasema neno, akainua kidole tu hivi, nyamazeni. Tukanyamaza. Tik tik tik. Kuna saa inatembea na haionekani! Tukawa tunaweka masikio ukutani mmoja mmoja mpaka tukaipata nyuma ya kabati, tukasoma mishale yake, tukaihamishia kwenye ile ya saba, na kabati likatoa mlio mdogo, klak, likaachia. Nywele zilisimama. Mlango wa mwisho hatukuufungua, muda ulituishia, na nikakipa 9.

Umeona? Usipime kwa kutoka au kutotoka. Fundi saa unamtegea fumbo la saa, na mtu aliyekuwa kimya akapata zamu yake. Hicho ndo kipimo changu cha pili, baada ya mchezo muulize kila mwenzako, wewe umefungua nini? Kama wawili wamefanya kila kitu na watatu wameshika mikoba, chumba ni kibovu hata kama kimepambwa dhahabu.

Cha tatu ni msimamizi. Mzuri anakupa kidokezo kabla hujakata tamaa ila baada ya kutoka jasho. Mhungaria mmoja aliyeishi Marekani, mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliandika sana kuhusu hilo, kwamba kazi ikiwa rahisi kuliko uwezo wako unachoka, ikiwa ngumu kuliko uwezo wako unapata wasiwasi, na pale katikati ndo mtu anasahau hata njaa. Msimamizi kazi yake ni kuwashikilia hapo katikati dakika 60.

Mapambo weka mwisho kabisa.

Mchuuzi_Makoroboi
Dada umeeleza vizuri. Ila mkuu NyegeziKwetu mi nakuuliza kibiashara. Mtu akishacheza chumba ameshajua majibu, hatarudi. Mteja mmoja anakulipa mara moja maisha yake yote. Muuza chipsi anamuona mteja yuleyule kila jioni. Umelipiga hesabu hilo?

DadaWaKirumba
Ni kweli hilo kaka, na ndo maana kule wana vyumba vitatu vinne kwenye jengo moja, ukimaliza hiki unatamani kile, na baada ya muda wanabomoa fumbo wanajenga lingine. Ila mteja wa kwanza ndo anakuletea wa pili, maana hawezi kusimulia majibu, anaishia kusema nenda ukaone mwenyewe. Mi mpaka leo hakuna niliyemwambia fumbo la mlango wa mwisho wa fundi saa, ule uliotushinda, lilikuwaje.

FundiUmeme_Nyakato
Naomba niingie hapa maana kuna kitu hakijasemwa na kinaniuma. Wadau, tunaongelea kuwafungia watu ndani. Tarehe 4 Januari 2019 kule Koszalin, Polandi, wasichana watano wa miaka 15 walikufa ndani ya chumba cha namna hii, walienda kusherehekea bethidei ya mwenzao. Gesi ilivuja kwenye mtungi wa hita upande wa mapokezi, moto ukawaka hapohapo kwenye njia ya kutokea, na wao walikuwa ndani, moshi ndo uliwaua. Baada ya hapo serikali ya kule ilipita kukagua vyumba hivyo nchi nzima na vingi vikafungwa.

Kwa hiyo mkuu ukifika mlangoni, kabla ya kulipa, muulize yule wa mapokezi, nikitaka kutoka sasa hivi natokaje? Akupeleke akuonyeshe kwa mkono. Akianza maneno mengi, geuka.

Na ukija kujenga huku, sikiliza. Mlango wa kutokea tumia kufuli la sumaku ya umeme, ile ambayo umeme ukikatika sumaku inaachia yenyewe na mlango unasukumika. Usije ukaiwekea betri ya akiba eti mchezo usikatike, hapo utakuwa umekigeuza chumba kuwa jela. Weka kitufe kikubwa ndani karibu na mlango, na kile kitufe kikate waya wenyewe, kisipitie kwenye kompyuta wala programu, maana kompyuta inaganda. Lingine ni nondo. Nyumba zetu karibu zote madirisha yana nondo, kwa hiyo mlango ukizibwa na moto hakuna njia nyingine kabisa. Chumba chako kiwe na milango miwili au dirisha moja ukate nondo. Na usikodi nyumba kule juu kwenye mawe Mabatini hata kama mandhari inavutia na kodi ni rahisi, kule ukipiga 114 gari la zimamoto litapandia wapi?

Ukiwa tayari niite nije nikuwekee hizo sumaku, nitakuja.

NyegeziKwetu
Fundi asante sana, la nondo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Dada nimeshaandika vipimo vyako kwenye karatasi. Nikirudi nitaleta majibu.

MtuWaUkara
Samahani nachangia nikiwa nimechelewa, mtandao kisiwani ni wa kubahatisha. Dada kasema fumbo lizaliwe humo chumbani. Mi nimekulia kwa wavuvi wa dagaa na nikawa nafikiria, mbona sisi tuna chumba tayari? Kibanda cha mvuvi. Karabai, neti, mzani, ndoo, daftari la mauzo. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, taa ndo inawavuta, mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu kwa hiyo watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Basi ukiangalia daftari la mvuvi utaona siku zimejaa hesabu, afu zinakuja siku tupu, afu zinajaa tena. Ule mwanya ndo mwezi mpevu. Hiyo si namba ya kufungulia kitu?

MsukumaWaKisesa
Mtu wa Ukara hapo umemaliza. Naongeza moja, pale makumbusho ya Bujora wanaonyesha namna mbalimbali za kuhesabu moja mpaka kumi ambazo marika ya Wasukuma walikuwa wanatumia kama lugha yao ya siri. Hayo ni makufuli ya namba ya wazee wetu. Nenda kaangalie kabla hujaanza kununua makufuli ya begi.

NyegeziKwetu
Wadau nimerudi, wiki ya tatu sasa. Nilicheza vyumba vitatu badala ya vinne. Kile cha nne niliuliza swali la fundi, natokaje, kijana akacheka akaniambia usijali hakuna aliyewahi kufa humu. Nikaondoka, na wenzangu wawili wa kozi wakanifuata.

Vingine vyote walinionyesha kitufe cha kijani kabla hata sijamaliza kuuliza. Cha kwanza nilikipa 6, kilikuwa cha maabara, mafumbo mazuri ila watu tulikuwa sita na kazi ya watu watatu, nilisimama nimeshika chupa dakika kumi. Cha pili 5, giza mno, unahangaika na tochi kuliko na fumbo. Cha tatu 8 na nusu, jiko la bibi mmoja, unapima unga na sukari kwenye mzani wa mawe kwa kufuata kitabu chake cha mapishi, uzito ukikaa sawa oveni inafunguka na ndani kuna barua. Nimeshika ile barua mikono inatetemeka, nikamkumbuka bibi yangu. Alama moja na nusu nilikata kwa sababu msimamizi alitupa vidokezo mapema mno, viwili hatukuvihitaji.

Sasa habari yenyewe. Stoo ya shangazi hapa Nyegezi ina milango miwili. Nimepanga kibanda cha mvuvi kama alivyosema Mtu wa Ukara, bado sijafunga mlango wowote, najaribu mafumbo tu. Jumamosi nikaleta vijana wanne. Mzani waliupenda, walipima mawe kama dagaa, vizuri kabisa. Wakafika kwenye daftari, wakakwama. Dakika 20 wanajumlisha mauzo, wanagawanya, wanaangalia nyuma ya karatasi na ile taa ya kukagulia noti. Mmoja tu ndo aliona, binti ambaye mama yake anauza dagaa Mwaloni, akasema hizi siku tupu ni mbalamwezi, na kweli akafungua. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Ila nyumbani nikawaza, asingekuwepo yule binti je?

DadaWaKirumba
Hongera kaka kwa kile cha nne, wengi wanaona aibu kuondoka. Na umejiuliza swali sahihi. Fumbo lisidai mtu awe amekuja na elimu ya nje, kila anachohitaji akikute humo ndani. Nakumbuka chumba kimoja kilitaka ujue tarehe za wafalme wa Hungaria, mi ningezitoa wapi? Lakini usiliondoe hilo la mwezi, ni zuri mno. Weka kitu kingine kinachomfundisha. Kalenda ukutani yenye duara la mwezi, au barua ya mvuvi kwa mke wake akimwambia wiki hii niko nyumbani, nje kweupe. Yule wa Mwaloni ataona kwa dakika mbili, wa Capri Point kule kwa wenye nazo ataona kwa kumi, ila wote wataona.

MtuWaUkara
Barua ni nzuri dada. Ila mkuu daftari ulilotumia umeliandika mwenyewe eh? Ninalo la baba, la ukweli, lina mwandiko wake na kurasa zimeingia mafuta ya taa mpaka zinaangaza. Zile wiki za mbalamwezi hakuacha tupu, alikuwa anachora mstari na kuandika neno moja, nyumbani. Siwezi kukupa lenyewe, ila nitatoa kopi ya miezi mitatu pale Nansio na kukutumia kwa meli Jumanne. Mtafute mtu akupokelee.