Uyoga umeoza, likeni imefufuka: vyote ni kuvu kweli?

Mpekuzi
Wakuu, nisaidieni. Mwezi uliopita niliokota vitu viwili msituni, nikavitia mfuko mmoja wa karatasi: uyoga mweupe wenye kofia pana, na kipande cha gome kilichogandwa na likeni ya kijivu. Siku ya tatu uyoga ulikuwa uji mtupu, na funza juu. Nikautupa, gome nikalisahau dirishani. Jana nimelinyunyizia maji kwa utani tu. Kabla sijaweka kopo chini, kijivu imegeuka kijani! Kitabu changu kinasema vyote ni kuvu. Mbona havifanani hata chembe?

Mzee wa Lenzi
Mkuu, unalinganisha tunda na mti mzima. Ulichookota ni tunda la kutawanyia spora, yaani chembe ndogo za uzazi. Mwili wenyewe, zile nyuzi nyembamba, umebaki ardhini, na huenda hivi sasa unapewa sukari na mizizi ya mti nao unaupa maji na madini. Tunda likishamwaga spora, kazi imekwisha.

Likeni uliyoiona ndiyo mwili. Kuvu amejenga nyumba, ndani kampangisha mwani, na kodi inalipwa kwa sukari itokanayo na mwanga. Ngozi ya juu ikilowa inakuwa angavu, ndipo mpangaji anaonekana: hicho ndicho kijani chako. Ikikauka inalala tu. Mtaalamu wa mimea Mswisi, Simon Schwendener, aliposema mwaka 1867 kwamba humo mna viumbe wawili, wataalamu wengi wa likeni walimpinga vikali.

Mpekuzi
Basi likeni haina tunda?

Mzee wa Lenzi
Inalo, ila dogo. Chukua lenzi utafute visahani. Kuvu wengi wa likeni hufungia spora ndani ya vifuko, mara nyingi nane nane. Za uyoga wako huota kwa nje, kwa kawaida nne nne, kwenye vijirungu vilivyo chini ya kofia. Ni koo mbili zilizoachana zamani mno.

Kiherehere
Isipokuwa Lichenomphalia! Huyo ni uyoga kabisa, kofia na shina, lakini pale chini ana punje za kijani zenye mwani. Mimi nilibisha hadi nilipoonyeshwa kwa hadubini.

Mpekuzi
Nimeviona! Visahani vitatu vya kahawia, kimoja kimemeguka ukingo. Nilikuwa nadhani ni uchafu. Sasa, maji nimpe kila siku?

Mzee wa Lenzi
Hapana, mwache akauke. Akikaa amelowa muda wote ndipo utamwua.