Kitaiap cha Gapun ni cha familia ipi?

Mdadisi: Ndugu zangu, nasoma habari za Kitaiap, lugha ya kijiji cha Gapun, karibu na mlango wa mto Sepik, Papua Guinea Mpya. Orodha moja inakiweka katika kundi la Sepik-Ramu, nyingine katika Torricelli, familia nyingine ya lugha za Papua Guinea Mpya, ya tatu inasema hakina ndugu. Yawezekanaje lugha ya kijiji kimoja ikawa na nasaba tatu?

Mwanaisimu: Ndugu Mdadisi, hizo ni kauli za nyakati tofauti. Mwanaisimu Donald Laycock alipokiingiza katika Sepik-Ramu mwaka 1973, data zilikuwa haba, na tangu hapo kundi hilo kubwa limekataliwa na wataalamu wengi. Mwanaisimu Malcolm Ross mwaka 2005 alilinganisha viwakilishi nafsi (maneno kama mimi, wewe, yeye), naye akakiacha peke yake bila ndugu; wazo la Torricelli ni la Timothy Usher, aliyelitoa baadaye. Kigezo hicho hufaa pale unapopanga mamia ya lugha ambazo baadhi yake zina ukurasa mmoja tu wa maneno. Lakini viwakilishi ni vifupi mno, silabi moja au mbili, na vinaweza kufanana kwa bahati tu. Mimi nisingejenga ukoo juu yake.

Mzee wa Sarufi: Naongeza jambo la kukopana. Watu wa Gapun wamepakana kwa muda mrefu na wasemaji wa Kikopar na Kiadjora, kwa hiyo neno linalofanana na la jirani halithibitishi undugu, kama vile wingi wa maneno ya Kiarabu usivyokiondoa Kiswahili katika Kibantu. Aidha, eneo lao lilikuwa kisiwa miaka ipatayo 6,000 iliyopita, maji ya bahari yalipofika mbali zaidi barani, na ndiyo maana wapo wanaodhani Kitaiap ni mabaki ya lugha ya kale iliyotangulia majirani wake. Dhana hiyo inanivutia, ila jiografia si ushahidi wa kiisimu.

Mdadisi: Ahsanteni. Je, data zaidi zitamaliza ubishi?

Mwanaisimu: Za Kitaiap chenyewe, sidhani. Mwanaanthropolojia Don Kulick alipofika Gapun katika miaka ya 1980, wasemaji hawakufika 100 na watoto walikuwa wakikua na Tok Pisin, lugha ya mawasiliano ya nchi hiyo. Sarufi aliyoitoa na Angela Terrill mwaka 2019 ndiyo hazina kuu tuliyo nayo. Kazi iliyobaki iko kwa majirani: mpaka lugha ya kale iliyozaa lugha za Torricelli iundwe upya, sauti kwa sauti, hatuna cha kukilinganisha nacho kwa haki.