Mausigadi (kinga ya meno) ya ngumi naweza kuivaa usiku maana nasaga meno?

MamaWawili_Mbz
Wakuu habarini, naombeni msaada kwa wenye uzoefu. Kijana wangu ana miaka 14, anaenda gym ya ngumi hapa Manzese na kocha kasema bila mausigadi hapandi ulingoni, nikamnunulia ile ya dukani ya kuloweka maji moto, tukaloweka na maji ya kwenye chupa ya chai akang'ata, ila akifungua mdomo tu inadondoka. La pili ni mimi mwenyewe, nasaga meno usiku, mume wangu anasema ni kama mtu anatembea juu ya kokoto, asubuhi taya zinauma mpaka masikioni na gego moja la chini limelika, maji ya baridi siyawezi. Sasa nikawaza hiyo ya kijana si nimnunulie nyingine, hii niichemshe upya niivae mimi?

Kona_Nyekundu
Mama hongera kwa kumsikiliza kocha. Kosa ni maji ya chupa, yalishapoa. Chemsha kwenye sufuria mpaka yatokote, epua ndo utumbukize, muda fuata wa kwenye boksi maana ukizidisha inalegea na kujikunja yote. Itoe na kijiko, ipitishe kidogo maji ya baridi asiungue, aivae meno ya juu mbele ya kioo, ang'ate, afyonze kwa nguvu huku anakandamiza midomo kwa vidole kwa nje. Halafu aachame na ataje jina lake, ikikaa yenyewe hapo imekubali. Na aivae hata mazoezini, nakusihi. Mimi jino la mbele lilikatika siku ya sparing (kupigana kwa mazoezi) nyepesi tu, tulisema leo tunagusana, nikaiacha kwenye begi. Miaka 9 sasa na nikinywa uji wa moto bado linanikumbusha.

meno_kwanza
Dada nafanya kazi kliniki ya meno, tafadhali hiyo ya kijana usiivae. Kwanza kinga ya mdomoni haiazimwi. Halafu ile ni laini, kazi yake kumeza kishindo cha ngumi, ukilala nayo utaitafuna usiku kucha na taya zinaweza kuzidi kuuma. Ya kusaga meno mara nyingi ni plastiki ngumu, tunachukua chapa ya meno yako, inaenda maabara, ukija kuivaa tunaikwangua kidogo kidogo huku unang'ata karatasi ya rangi mpaka meno yote yaguse sawa. Haikuponyi kusaga ila meno hayaliki tena, na ule utando mgumu wa juu ya jino ukishaisha haurudi. Hilo gego lianze kutibiwa kabla ya kuchukua chapa, likizibwa baadaye umbo linabadilika na kinga haitakaa. Muulize na mumeo kama unakoroma au pumzi inakatika ukiwa umelala, inaweza kuwa inahusiana, mwambie daktari na dawa unazotumia. Ya kijana aioshe maji ya baridi na mswaki, ya moto yataikunja, na kwa umri wake taya bado inakua, ikianza kubana mbadilishieni.

Raga_Nax
Salamu toka Nakuru. Kwa raga New Zealand waliilazimisha kwa wachezaji wote 1998 na majeraha ya meno yakapungua sana, kwa hivyo huyo kocha yuko sawa kabisa. Naongeza kitu kimoja tu: jino la ukubwani liking'oka lote, lishike upande mweupe, mzizi usiuguse wala usisugue, lioshe haraka tu kama lina mchanga, lirudishe kwa shimo lake aling'ate na kitambaa. Kama haiwezekani litie kwa maziwa, mkimbie kwa daktari, ndani ya nusu saa ni bora. Mwenzetu alilifunga kwa tishu, likakauka, likapotea hivyo hivyo na alikuwa na miaka 19.

MamaWawili_Mbz
Asanteni sana jamani. Tumechemsha kwa sufuria jioni hii, ameachama kaongea na imekaa. Mume wangu anasema nakoroma kweli, na kuna wakati ananitikisa maana nanyamaza ghafla, sikuwahi kujua. Alhamisi nakwenda kliniki, hilo nalo nitalisema. Kijana nimemwekea maziwa ya pakiti, yale yasiyotaka friji, kwenye begi lake.